Muulize kiwiko kimeamkaje

Kila Februari, kambi za maandalizi ya beisiboli zinapofunguliwa Florida na Arizona, vijana wapya wa chumba cha tiba huja na mabegi yamejaa tepu, mikasi na mafuta ya kuchulia. Nami, tabibu wa michezo wa timu, nilikuja hivyo hivyo. Kifundo cha mguu nilikuwa nakifunga hata gizani. Sikujua bado kwamba mchezaji anayeanguka uwanjani akipiga kelele ndiye mgonjwa rahisi. Mgumu ni yule anayekwambia "niko sawa" na kukupita mlangoni.

Nilikuwa na mrushaji mmoja wa ligi ndogo, zile ligi za chini ya ligi kuu, kijana wa miaka 20 kutoka Jamhuri ya Dominika. Wiki mbili mfululizo alifika uwanjani kabla ya mtu yeyote. Nikamsifu kwa bidii. Kumbe alikuwa anawahi kukikanda kiwiko kwa maji ya moto bafuni, tusimwone. Siku moja nikamkuta anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto, naye anarusha kwa kulia. Nilimuuliza kwa Kiingereza, akatabasamu. Nikamuuliza tena kwa Kihispania changu cha kuokoteza, tabasamu likakatika. Akaukunja mkono, akaweka kidole kwenye upande wa ndani wa kiwiko.

Kano ilikuwa imechanika nusu.

Sikumlaumu kwa kuficha. Kwenye ligi ndogo kuna mwenzako anayeisubiri nafasi yako, na nyumbani kuna watu wanaokula kwa mkono huo. Hata kule juu, ligi kuu, mrushaji akiingizwa kwenye orodha ya majeruhi hatoki kabla ya siku 15 (wasio warushaji ni siku 10), na kwake hizo ni siku ambazo mtu mwingine anaonekana. Kwa hiyo jifunze Kihispania kabla hujanunua kifaa kingine chochote. Si cha kuhutubia, cha kuulizia tu: panauma wapi, tangu lini, ulilala vizuri?

Hiyo kano ina historia yake. Mwaka 1974 Dk. Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John wa timu ya Dodgers, akachukua kano kutoka mkono wake mwingine na kuipandikiza kiwikoni. Tommy John alirudi uwanjani mwaka 1976, na kati ya ushindi wake 288, ushindi 164 aliupata baada ya upasuaji huo. Tatizo ni kwamba vijana wanaisikia hadithi hii kama habari ya gereji: unaingiza mkono, unatoka na mpya. Hawaambiwi kwamba mrushaji kwa kawaida hukaa nje mwaka mzima na zaidi. Daktari wa upasuaji atakuwa naye saa chache. Wewe utakuwa naye kila asubuhi ya miezi hiyo, pamoja na zile asubuhi asizotaka kuongea na mtu.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Marekani siku hizi njia ya kuingilia ni shahada ya uzamili ya tiba ya michezo, kisha mtihani wa bodi, na majimbo karibu yote yanataka leseni. Ndugu zako watakuita mwalimu wa mazoezi na kukuomba dawa ya kitambi. Utazoea. Wasichana wanaoniuliza kama mlango upo, Sue Falsone aliteuliwa mkuu wa tiba wa Dodgers mwaka 2011, mwanamke wa kwanza kushika kazi hiyo katika ligi kuu.

Ligi ndogo ni basi, basi, na basi tena. Huenda ukawa tabibu peke yako, na humo humo ukaulizwa habari za chakula na vyumba vya hoteli. Ripoti inaandikwa usiku uleule, hata kama macho yanafumba. Andika ulichokiona na kukishika. Unachokihisi kipeleke kwa daktari kwa mdomo. Kocha akikuuliza "anacheza leo?", mjibu anachoweza na asichoweza, ukiwa umesimama pale pale uliposimama jana alipokupenda.

Kosa langu kubwa lilikuwa kutaja tarehe. Nilimwambia mchezaji mmoja mwenye bega bovu, "wiki tatu." Akabandika tepu ndani ya kabati lake, akawa anachora mstari kila siku. Mistari ilipofika 21 alikuja amevaa viatu vya uwanjani, na bega halikuwa tayari. Alininyamazia hadi mwisho wa mwezi. Siku hizi natoa umbali wa kurusha mpira: futi 45 kwanza, zisipouma tunakwenda 60, kisha 90, kisha 120. Na kila baada ya siku ya kurusha, asubuhi, kabla hajapata muda wa kupanga jibu, namuuliza kiwiko kimeamkaje.