Maji Yanapwa Saa Ngapi? Maswali ya Wanairobi Kuhusu Kutembea Ufukweni

Shule zikikaribia kufungwa, Nairobi huanza kuulizana habari za tiketi za treni. Wengi walioniandikia safari hii hawana haja ya boti wala ya kuogelea. Wanataka tu kutembea ufukweni na watoto, na wengine na wazee wao, bila kutoboka mfuko. Haya hapa maswali yenu.

Tulikaa Diani siku tatu mwezi wa nane. Kila tukishuka ufukweni saa moja asubuhi, kabla jua halijachoma, tunakuta bahari imefika kwenye kuta za hoteli. Mchana tukilala, tunaambiwa maji yametoka mbali. Tulikosea wapi? — Baba wa wawili, Embakasi

Kuamka mapema mliamka, ndugu yangu, ila bahari haikuwa na habari. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa sita na dakika chache, na kila siku mambo yote husogea mbele kwa takriban dakika 50. Ukikuta maji yamejaa saa moja leo, kesho yatajaa karibu na saa mbili.

Kisha kuna mwezi. Unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti huweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu ni siku za maji mafu, ambapo bahari haiendi mbali wala haiji mbali. Kwenye pwani yetu, siku za bamvua maji hupwa kabisa mwendo wa saa nne au saa tano asubuhi. Mwamba wote unabaki wazi, lakini jua nalo limeshapanda na mtoto ataungua. Kwa hiyo mimi huwaambia wenye watoto wadogo wachague siku mbili au tatu kabla ya mwezi mpevu au kabla ya mwandamo. Siku hizo maji hupwa karibu na saa mbili asubuhi, mchanga ni mpana na mgumu, na jua bado lina adabu. Maelezo yako yanaonyesha mlifika siku chache baada ya bamvua.

Jioni pia si mbaya. Ufukwe wa Diani unatazama mashariki, basi kuanzia saa kumi hivi jua huwa nyuma ya miti na kivuli huanza kuangukia mchangani. Mkikuta jioni maji yamepwa, mmebahatika.

Na ukiwa huko, usihangaike na hesabu. Muulize mvuvi yeyote au mwenye ngalawa: "Leo maji yanapwa saa ngapi?" Atakujibu bila hata kuangalia saa. Toka saa moja kabla ya wakati atakaokutajia, ili mwanzo wa kurudi kwenu uwe ndio mwanzo wa maji kurudi.

Binti yangu ana miaka minne. Anaweza kutembea umbali gani bila kubebwa? — Mama, South B

Kilomita moja kwenda na moja kurudi, kwenye mchanga uliolowa. Mchanga mkavu humaliza hata baba yake. Anzeni kwa kuelekea upepo unakotoka, ili mrudi mkisukumwa: wakati wa kusi, yaani kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, mwelekeo huo ni kusini, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Machi, ni kaskazini. Mkifika kwenye mwamba mvalishe sandak, maana kwenye vidimbwi kuna wale viumbe weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wake ukikatikia mguuni matembezi yameisha.

Shosho anakuja nasi. Magoti yanamsumbua, na tuna mtoto mchanga kwenye gari la kusukuma. Kuna mahali pa kutembea kando ya bahari bila kukanyaga mchanga? — Familia, Kahawa West

Pale Mama Ngina, kisiwani Mombasa. Palikarabatiwa na sherehe za Mashujaa za mwaka 2019 zikafanyiwa hapo. Njia imesakafiwa, kuna viti, kuna mibuyu mikubwa ya kivuli, na upande mmoja ni mlango wa bahari wa kuingilia bandari ya Kilindini. Meli ya makontena ikipita hapo huonekana karibu kiasi cha kuwafanya watoto wapige kelele, na shosho ataiona akiwa amekaa.

Nendeni saa kumi na moja jioni, wakati wenyeji wanapotoka kupunga upepo. Wauzaji wa mihogo ya kukaanga, viazi karai, madafu na mabuyu wapo. Mihogo iwekwe pilipili na ndimu. Bila hivyo mtakuwa mmekula mihogo tu.

Tulikuwa tunatembea ufukweni, askari wa hoteli akatuambia tuondoke, eti ni eneo la wageni wao. Ana haki? — Msomaji, Donholm

Inategemea mlikuwa mmesimama wapi. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Mchanga uliolowa, basi, ni wako na wangu na wa yule mgeni aliyelipa. Hakuna hoteli inayoumiliki. Bustani, vitanda vya jua na ngazi za hoteli ni habari nyingine. Hapo askari anafanya kazi yake na hakuna haja ya kumtukana.

Ugumu ni kwamba maji yakijaa, hiyo ardhi yetu ya umma iko chini ya bahari, na njia pekee iliyobaki inapita mlangoni mwa hoteli. Ndiyo maana nasisitiza habari ya kupwa. Tafuteni pia njia za umma za kushukia ufukweni. Kwa upande wa Mombasa kaskazini, ufukwe wa umma wa Jomo Kenyatta kule Bamburi, ambao wengi wanauita Pirates, hauna anayekuuliza unakwenda wapi. Sikukuu hujaa watu hadi hapatoshi, kwa hiyo nendeni siku ya katikati ya wiki.

Desemba tulikwenda Malindi na maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Mke wangu alikataa watoto wasikanyage. Je, ni uchafu? — Baba, Kayole

Sehemu kubwa ni udongo, na nina habari ambayo huenda usiipende: sehemu ya maji hayo yametoka kwako. Mto Nairobi unaopita karibu na Kayole huungana na Mto Athi. Athi hukata Ukambani, hukutana na Mto Tsavo na kuanza kuitwa Galana, na unapokaribia bahari wenyeji wanauita Sabaki. Mdomo wake uko kaskazini kidogo ya mji wa Malindi. Mvua za vuli zikinyesha bara, mto hubeba udongo mwekundu wa mashamba yote hayo, pamoja na chupa tulizotupa huku juu, na kuumwaga baharini.

Upepo ndio unaoamua udongo uende wapi. Kaskazi ikivuma husukumwa kusini, moja kwa moja hadi ghuba ya Malindi. Kusi ikivuma huelekea kaskazini, na Malindi husafika. Mlifika Desemba, mvua imetoka kunyesha bara na kaskazi imeanza: hapo hamkuwa na bahati.

Kukanyaga mchanga hakuna neno. Kuogelea mto ukiwa umefurika, mimi namuunga mkono mkeo. Tembeeni badala yake hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ukumbusho wa yule Mreno aliyefika Malindi mwaka 1498; imesimama kwenye mwamba juu ya bahari, na upepo wake unawatosha watoto. Wakitaka maji ya buluu, shukeni Watamu, mwendo mfupi kusini. Mdomo wenyewe wa Sabaki una ndege wengi wa kutazama, lakini una viboko pia, kwa hiyo msiende bila mwenyeji.

Wanangu wameokota makombe na kiti cha pweza kimoja, kile chenye umbo la nyota. Tunaweza kurudi nayo Nairobi? — Mama, Rongai

Hapana, mama. Kiti cha pweza ni mnyama hai. Kikitolewa majini kinakufa, na kwenye treni kitanuka kabla hamjafika Voi. Makombe matupu nayo yana wapangaji: kuna kaa ambao hawana gamba lao la kutosha, huhamia kwenye kombe tupu na kubadilisha kadiri wanavyokua. Watoto wakikaa kimya karibu na kidimbwi dakika chache watawaona wakitembea na nyumba mgongoni. Katika hifadhi za bahari kama Watamu na Malindi, zilizotengwa tangu 1968, kuchukua chochote ni kosa.

Na maji ya kunywa yabebeni kwenye chupa ya kudumu. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi na fuo.

Mwanangu wa miaka saba anaogopa mawimbi. Afanye nini Pwani wiki nzima? — Mama, Buruburu

Mpeleke kwenye mikoko. Kwangu mimi, haya ndiyo matembezi bora kuliko yote kwa mtoto, na Wanairobi wengi huyapita wakikimbilia mchanga mweupe.

Mida, karibu na Watamu, kuna daraja la mbao lililoning'inizwa kwa kamba kati ya mikoko, linatikisika kidogo tu, kiasi cha kumfurahisha mwoga. Kuanzia Septemba hadi Aprili hivi hujaa ndege waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kiingilio husaidia kulipa karo ya sekondari ya watoto wanaoishi karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa hiyo usibishane bei.

Kusini, kule Gazi, wanawake wa kijiji wana daraja lao la mbao ndani ya mikoko, na wenyewe ndio wanaokutembeza. Mwombe mwenyeji amfundishe mtoto kutofautisha miti. Mkoko wenyewe una mizizi inayosimama juu ya tope kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijizizi vinavyochomoza wima kutoka ardhini. Mwambie alambe jani la mchu: lina chumvi, kwa sababu mti huo hutoa chumvi ya bahari kupitia majani yake. Hilo atawasimulia wenzake shuleni. Kijiji hicho pia kina mradi wa Mikoko Pamoja, unaolipwa kwa ajili ya hewa ya kaboni inayohifadhiwa na miti hiyo.

Jioni kwenye mikoko kuna mbu. Nairobi malaria ni nadra, na watoto wetu hawana kinga ya wenzao wa Pwani. Mikono mirefu jua likizama, neti usiku, na homa yoyote mkirudi pimeni damu mara moja, na mmwambie daktari mlikuwa Pwani.

Tutabaki na asubuhi moja tu Mombasa kabla ya treni ya alasiri. Tutembee wapi? — Wanandoa na watoto watatu, Lang'ata

Fort Jesus na Mji wa Kale. Ngome ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, na UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Ingieni mapema, watoto wapande juu ya kuta waitazame bahari, kisha mtoke kwa miguu mwingie vichochoro vya Mji wa Kale, ambako nyumba zenyewe zinatoa kivuli. Magauni marefu kidogo na suruali, tafadhali. Watu wanaishi pale na misikiti ni mingi. Kunyweni kahawa chungu kwa kashata, watoto wapeni sharubati ya ukwaju.

Saa tano na nusu muwe mmeanza kuondoka. Kituo cha Miritini kiko mbali na mjini, foleni ya Changamwe haina huruma, na lazima mfike mapema kwa ukaguzi wa mizigo na vitambulisho. Mbwa wa ukaguzi huwafurahisha watoto, lakini treni haitawangoja.