Kompyuta Mpakato Ikichemka, Anza na Njia ya Hewa

Watu wengi wakiona kompyuta mpakato imeanza kuchemka hufikiria kwanza kununua stendi yenye feni. Mimi, baada ya miaka ya kuzitumia na kuzifungua, naiona stendi hiyo kuwa hatua ya mwisho, kwa kuwa mara nyingi joto huzidi kwa sababu hewa haina pa kupita, na feni ya nje haiwezi kuzibua njia iliyoziba kwa ndani.

Joto la prosesa, yaani chipu inayoendesha kazi zote za kompyuta, husafirishwa na bomba jembamba la shaba hadi kwenye mapezi, yaani vibati vyembamba vya shaba au alumini vilivyopangwa ukingoni, kisha feni hupuliza hewa katikati ya mapezi hayo na kulitoa nje. Prosesa nyingi zinapokaribia nyuzijoto 100 za sentigredi hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiharibike, na ndiyo maana kompyuta iliyochemka husuasua hata kabla ya kuzimika, mwenyewe akadhani imeingiwa na virusi.

Kwa kuwa kompyuta nyingi huvuta hewa kupitia matundu ya chini, usiitumie juu ya godoro, mto au blanketi. Iweke mezani, na ukiweza uinue upande wa nyuma kwa sentimita 2 au 3. Hilo pekee husaidia kuliko wengi wanavyodhani.

Adui mkubwa, hata hivyo, ni vumbi, na hasa lile lisiloonekana. Matundu ya nje yanaweza kuwa safi kabisa ilhali ndani, baina ya feni na mapezi, vumbi na nyuzi za nguo vimeshikamana vikawa utando mzito unaozuia hewa. Ukipuliza kutoka nje unaweza kuusogeza tu utando huo bila kuutoa. Ikiwa unajua kufungua kompyuta yako, izime, chomoa chaja, tenganisha betri, kisha zuia mapanga ya feni yasizunguke unapopuliza, kwani feni inayozungushwa kwa nguvu ya hewa inaweza kuharibika. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani, maana inaweza kuleta umeme tuli unaodhuru vipuri. Ikiwa hujui, mpelekee fundi, na umwombe waziwazi aitoe feni na kuyakagua mapezi, wala asiishie kupuliza juu juu. Kama kompyuta ina miaka kadhaa, abadilishe pia pesti inayopitisha joto juu ya prosesa, kwa sababu hukauka.

Feni ikiendelea kuvuma wakati hufanyi kazi nzito, fungua Task Manager kwa wenye Windows, au Activity Monitor kwa wenye Mac, uone ni programu gani inayoila prosesa. Mara nyingi ni kivinjari chenye kurasa nyingi zilizoachwa wazi. Na usiitie kompyuta kwenye begi kabla hujahakikisha kwamba imelala au imezimika, kwani ikiamka humo itachemka bila hewa yoyote.

Joto la muda mrefu huichakaza betri mapema. Ukiona padi ya kugusa kwa kidole (touchpad) imeinuka au sehemu ya chini imetuna, huenda betri imevimba: acha kuitumia na kuichaji mara moja, usiitoboe wala kuikandamiza, na umkabidhi fundi mwenye uzoefu aiondoe.