Shangazi, mwanangu analia turudishe jiwe

*Shikamoo Shangazi. Naishi Nyegezi, Mwanza, nina watoto wawili wa kiume. Wa mwisho, miaka 6, aliangalia na kaka yake wa miaka 13 ile katuni ya mbwa mwoga, siku ya mzimu wa mfalme. Tangu hapo, taa ikizimwa tu analia, "Mama, turudishe jiwe!" Ameanza tena kukojoa kitandani. Juzi wadudu wa ziwani walipojaa kwenye taa ya barazani, aliingia uvunguni akitetemeka. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Sengerema, anasema mtoto kaitwa na mizimu, apelekwe kwa mtaalamu. Baba yake anasema namdekeza. Hata kuoga imekuwa vita, hataki kukanyaga jiwe la bafuni tuliloliokota ufukweni. Nifanyeje? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikamwomba mjukuu wangu anitafutie hiyo katuni. Niliiangalia saa nne asubuhi, chai mkononi, na bado nilijikuta nimejifunika khanga.

Inaitwa Courage the Cowardly Dog, ya Marekani, ilianza kuoneshwa 1999. Mbwa anaishi nyikani na bibi Muriel na mzee Eustace. Siku hiyo Eustace anapata kibao cha jiwe kilichoibwa kaburini, na usiku mzimu wa Mfalme Ramses unasimama nje ukidai mali yake. Mzee ni mchoyo, hatoi. Basi zinashuka laana tatu: mafuriko, muziki usionyamaza, na nzige. Wenzake wote humo wamechorwa kama katuni za kawaida, lakini huyo mfalme katengenezwa kwa kompyuta, ndiyo maana anayumba pale nje kama kitu kilichopotea njia. Mimi na uzee wangu sikumzoea.

Sasa rudi kwenye barua yako. Mmeokota jiwe lisilo lenu. Wadudu wamekuja wingu zima. Mbwa anapiga kelele, hakuna anayemsikiliza.

Mtoto hajarogwa, wala si mwoga. Kaielewa hadithi kuliko ninyi wote mliomo humo ndani, akaijumlisha na bafu lenu.

Anza na wadudu. Mkamateni mmoja, mtieni kwenye chupa ya soda, amwangalie mchana. Mwambie wanakulia kwenye tope chini ya ziwa, wanaibuka zaidi mwezi unapoandama, hawaumi, na bibi yake alikuwa anawafagia asubuhi kabla baba hajazaliwa. Halafu jiwe. Wapo watakaokwambia ukilirudisha unamthibitishia uongo. Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa miaka 6 hutamshinda kwa hoja, na Mwanza mawe hayajawahi kutuishia. Jumamosi mchana baba yake ambebee, wakaliache ufukweni bila kunong'ona wala maneno ya kimila, wakirudi wapitie sato wa kukaanga. Jiwe jipya la bafuni alichague yeye. Na baba huyo, akiwa njiani, asimwambie mwanaume haogopi. Amsimulie alichokuwa anaogopa yeye akiwa na umri huo. Kama hakumbuki, mama yake yupo hapo nyumbani, aulizwe.

Mama mkwe usibishane naye. Anataka kusaidia, mpe kazi: "Mama, tunaomba mjukuu alale na wewe wiki hii." Ubavuni mwa bibi mizimu haipati nafasi, na habari ya mtaalamu itapoa yenyewe. Ila kukojoa kukiendelea zaidi ya mwezi, mpeleke hospitali akapimwe mkojo, isije ikawa ni ugonjwa tunausingizia katuni.

Limebaki moja, nililiona kwenye mstari wako wa tatu. Mtoto analia taa ikizimwa, na naamini kaka yake analala chumba hichohicho. Kwenye katuni yule mzee ana mchezo wa kuvaa kinyago amtishe mbwa. Nami nimelea wavulana wanne. Muulize huyo mkubwa ni nani anayedai jiwe gizani kwa sauti nzito. Akicheka kabla hujamaliza swali, mashuka yaliyokojolewa afue yeye mpaka mwezi uandame.