Pasipoti Iliyokwisha Muda Usiitupe

Mtu akiniomba nimsaidie kujaza fomu za ukaazi au uraia wa Uingereza, kabla hata sijawasha kompyuta namuuliza: pasipoti zako za zamani ziko wapi? Wengi hushangaa. Za nini tena, na mpya ninayo mkononi?

Fomu ya uraia inataka safari zako zote za nje katika miaka 5 iliyopita: ulitoka lini, ukaenda wapi, ukarudi lini. Kwa anayefuata njia ya kawaida, siku za kuwa nje zisizidi 450 katika miaka hiyo, wala 90 katika miezi 12 ya mwisho. Tena hesabu miaka 5 kamili nyuma kutoka siku maombi yanapopokelewa. Siku ile unayoangukia, ya miaka 5 nyuma, lazima uwe ulikuwa ndani ya Uingereza. Afisa anaweza kusamehe siku zilizozidi kidogo, lakini usiende ukitegemea huruma. Sasa nani anakumbuka kama ile safari ya msiba Mombasa alirudi Jumanne au Alhamisi? Mihuri ndiyo itakayokusaidia.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba sheria za uhamiaji hubadilika wewe ukiwa umekaa kwako. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, nchi nyingi za Ulaya hazikumdai msafiri pasipoti. Vita vilipoanza 1914 masharti yakaja kama ya dharura, na vita vilipokwisha yakabaki. Mwaka 1920, mkutano wa Paris chini ya Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ukapendekeza kijitabu cha namna moja, kurasa 32. Ndicho hiki tunachobeba hadi leo, ukiondoa chipu.

Na usidhani kijitabu chenyewe kinatosha. Waulize Wahindi wa Kenya. Baada ya uhuru wengi wao walibaki na pasipoti za Uingereza, zilizotolewa na ubalozi wake Nairobi, na ziliwapa haki ya kuingia. Walipoanza kuondoka kwa wingi, Bunge la London likapitisha sheria mpya mwaka 1968, kwa siku 3 tu: kama si yeye, mzazi wala babu au bibi yake aliyezaliwa au kupewa uraia kule Uingereza, haki hiyo hana tena. Pasipoti ni ile ile, jalada lile lile, thamani imeondoka.

Kisa cha Windrush, kilichopewa jina la meli iliyowaleta wahamiaji wa Karibi Uingereza mwaka 1948, ndicho ninachowasimulia wazee wetu wa huku. Watu wa Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza kabla ya tarehe 1 Januari 1973 sheria iliwaruhusu kubaki, ila wengi hawakupewa karatasi yoyote ya kuthibitisha. Miaka 40 baadaye serikali ikaanza kudai uthibitisho kwa kazi, nyumba na matibabu. Kadi za kuingilia walizojaza melini, serikali yenyewe ilikuwa imeshaziharibu mwaka 2010. Watu walipoteza kazi, wengine wakarudishwa nchi ambazo hawakuziona tangu utotoni. Serikali iliomba radhi 2018, na mpango wa kuwasaidia upo hadi leo, bila ada. Haukuwekwa kwa watu wa Karibi peke yao. Hata Mkenya au Mtanzania aliyefika na kufanya makazi kabla ya mwisho wa 1988 anaweza kuomba.

Mjomba wangu aliingia kwa mlango huo. Pasipoti yake ya kwanza ilikuwa chini ya sanduku la nguo, kurasa zimegandana kwa joto na jasho la miaka. Muhuri wa ruhusa ya kukaa bila kikomo ulikuwa umefifia, mpaka uinamishe ukurasa dirishani ndipo tarehe isomeke. Jina lake humo ni Mohamed, na kwenye pasipoti ya sasa ni Muhammad. Kwa watu wa Pwani hilo ni la kawaida mno, basi weka zote mbili pamoja na hati ya kiapo inayosema ni mtu mmoja.

Kwa hiyo ukirejeshewa pasipoti iliyokatwa pembe, ihifadhi pakavu. Piga picha kila ukurasa wenye muhuri, ujitumie kwa barua pepe. Kila ukisafiri andika tarehe siku hiyo hiyo, na tiketi usiifute, maana mihuri nayo inaondoka: tangu Oktoba 2025 nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, zimeanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha badala ya kuwagongea. Uingereza nayo imeshaacha kadi za ukaazi, na viza sasa iko kwenye akaunti ya mtandaoni. Ukipata pasipoti mpya, ingia kwenye akaunti hiyo uweke namba yake kabla ya safari. Shirika la ndege likitafuta namba ambayo mfumo hauijui, utabaki kaunta na masanduku yako huku wenzako wanapanda.