Mende wa kulisha tarantula: hesabu buibui wako kwanza

Kabla hujanunua mende hata mmoja, keti uhesabu buibui wako. Tarantula aliyekomaa hutosheka na mende mmoja wa saizi ya kati kila baada ya siku 10 hadi 14. Akikaribia kujivua gamba anaweza kukaa wiki nyingi, hata miezi, bila kugusa chakula, na hilo si ugonjwa. Kwa hiyo mwenye buibui watatu wakubwa hamalizi mende 10 kwa mwezi. Sasa tazama upande wa pili: jike mmoja wa dubia, mende anayefugwa ili awe chakula cha wanyama, huzaa watoto 20 hadi 30 kwa mkupuo, na akipata joto la kutosha hurudia baada ya miezi miwili au zaidi kidogo. Weka majike watano na dume mmoja kwenye boksi lenye joto, na kabla mwaka haujaisha una mamia ya mende nyumbani, huku buibui wako wakiwa walewale watatu.

Nimeanza na hili kwa sababu ushauri mwingi uliopo umeandikwa na wauza mende, na muuza mende hatakwambia ununue wachache. Mimi naishi Leicester, Uingereza, nafuga tarantula watatu. Mmoja ni Grammostola pulchra, yule mweusi tii wa Brazili na Uruguay. Wa pili ni Tliltocatl albopilosus wa Amerika ya Kati, mwenye manyoya yaliyojikunja. Wa tatu ni Pterinochilus murinus wa rangi ya chungwa, ambaye wafugaji wa Ulaya humwita kwa jina la Usambara ingawa jamii yake imeenea kutoka Angola hadi upande wetu wa Afrika Mashariki. Wote walizaliwa mikononi mwa wafugaji, hakuna aliyechimbwa kwenye shimo lake porini. Kwa buibui hao sizalishi mende. Nanunua kopo la dubia wadogo, nawalisha vizuri, nawatoa mmoja mmoja, wakikaribia kwisha nanunua wengine.

Njia hii inawezekana kwa sababu dubia hakui haraka. Kwenye joto la nyuzi 28 hadi 30 huchukua miezi minne hadi sita kukomaa, na kwenye joto la kawaida la chumba cha hapa anachelewa zaidi ya hapo. Anayetaka kuzalisha huona hiyo ni kero. Mwenye buibui wachache anafaidika, maana mende hubaki kwenye saizi inayofaa kwa muda mrefu. Ukiwa na buibui kumi na zaidi, au umepata vitoto vingi vya kulea, hapo ndipo kuzalisha kunapoanza kulipa.

Kuna wanaoniuliza kwa nini wanunue mende wakati kombamwiko wa bure wamejaa kila mahali. Jibu langu ni dawa. Chambo cha jeli cha kuulia mende kimetengenezwa kifanye kazi polepole, ili aliyekula arudi maskani, afie huko, na wenzake wamle nao wafe. Maana yake kombamwiko unayemwona anakimbia na afya zake anaweza kuwa amebeba sumu tangu jana, na tarantula naye hudhurika na dawa za wadudu. Hata kama nyumba yako haijapuliziwa, jirani je? Ghorofa moja ina mabomba na nyufa za pamoja. Na kama una paka au mbwa anayepakwa dawa ya viroboto shingoni, ujue nyingi kati ya dawa hizo zina fiproni, ambayo pia huwekwa kwenye chambo cha mende. Umempapasa paka? Osha mikono kwa sabuni kabla hujafungua boksi la mende au la buibui. Kwangu hii ni sheria ya nyumba.

Tuje kwenye kuchagua. Kigezo changu cha kwanza ni hiki: mende huyu akitoroka, nini kitatokea? Lishe naiweka nyuma ya hapo, kwa sababu tofauti ya lishe kati ya mende na mende ni ndogo kuliko tofauti ya kile ulichomlisha wiki iliyopita.

Dubia, Blaptica dubia, anatoka Amerika ya Kusini. Hawezi kupanda kioo wala plastiki laini, hana harufu kali, na dume ana mabawa lakini kuruka kwake ni kuporomoka tu. Jike ana vijibawa vifupi visivyo na kazi. Huzaa watoto walio hai, kwa hiyo hakuna vifuko vya mayai vinavyodondoka ovyo. Akitorokea kwenye nyumba ya nchi ya baridi, uwezekano wa kuanzisha ukoo nyuma ya friji ni mdogo sana, maana bila joto hazai.

Mende wa Turkestan ni hadithi nyingine. Naye hapandi kioo, mwili wake ni laini, na ana mbio ambazo buibui hazipuuzi. Lakini huweka vifuko vya mayai, huzaliana upesi, na kwenye nchi yenye joto na ukavu anajua kujitegemea. Mwaka 1978 alionekana kwenye ghala la jeshi la Sharpe huko California, na tangu hapo ameenea kusini magharibi mwa Marekani hadi kumsukuma kando mende mwingine aliyekuwa amezoeleka huko. Anayesoma haya akiwa Muscat, Mombasa au Arizona, mende huyu namwomba asimwingize ndani.

Nauphoeta cinerea, mwenye rangi ya kijivu, wengi wanaamini asili yake ni Afrika Mashariki. Kwa saizi anafaa sana buibui wa kati. Tatizo lake ni kwamba hupanda kioo bila shida, kwa hiyo lazima upake mafuta ya kujipaka mazito ukingoni mwa boksi, ukanda wa sentimita kadhaa, na uurudie ukikauka au ukijaa vumbi. Mimi sina subira hiyo. Yule mkubwa wa Madagaska anayetoa sauti ya kufoka naye hupanda, gamba lake ni gumu, na kwa maoni yangu afugwe kwa kupendwa mwenyewe, asifanywe chakula. Halafu kuna sheria: jimbo la Florida haliruhusu dubia, wafugaji wa huko hutumia mende anayeitwa diskoidi, anayefanana naye kwa tabia. Ulizia pale unapoishi kabla ya kuagiza.

Dubia ana kasoro moja, na hapa ndipo nataka ukae nami kidogo. Ukimwangusha kwenye makazi ya buibui, ana tabia mbili: ama anatulia tuli kama aliyekufa, ama anajichimbia kwenye udongo na kupotea. Tarantula hategemei macho. Anawinda kwa mtetemo unaopita ardhini na kwenye utando, na mende aliyetulia hana mtetemo. Basi buibui analala njaa na mende anaishi chini ya ardhi, anakua, anakula mabaki. Siku buibui anapolala chali kujivua gamba, mwili wake ni laini na hawezi kujitetea, na mende mwenye njaa anaweza kumtafuna. Buibui wa miaka mingi anaweza kupotea hivyo.

Dawa yake ni kumbana mende kichwa kwa kibano kabla ya kumpa buibui. Miguu huendelea kucheza kwa muda, mtetemo upo, lakini kuchimba hawezi tena. Wanaoona ni ukatili nawaelewa. Kwa Pterinochilus murinus naona hili ni la lazima. Buibui wa Afrika hana manyoya ya kuwasha ya kurusha kama wenzake wa Amerika, kinga yake ni kasi na meno, na akikuuma maumivu ni makali. Kumfukua mende aliyejichimbia chini ya utando wake, kifuniko kikiwa wazi na mkono uko ndani, ni hatari ambayo ungeiepuka kwa kubana kibano sekunde moja.

Buibui asipokula, mtoe mende ndani ya saa 24. Akishajivua gamba, usimlishe mpaka meno yake yarudi kuwa meusi. Kwa kitoto ni siku chache, kwa buibui mkubwa ni wiki moja hadi mbili. Saizi ya mende isizidi ukubwa wa tumbo la buibui. Kitoto ambacho bado ni kidogo kuliko mende mdogo uliye naye, kikatie paja la mende, kiwekee mlangoni pa shimo lake, kesho yake ondoa kilichobaki kabla hakijaota ukungu. Wala usishindane kumnenepesha. Tumbo lililojaa kupita kiasi hupasuka kirahisi buibui akidondoka, na buibui wa ardhini hupanda kuta za boksi kuliko watu wanavyodhani.

Makazi ya mende ni kazi nyepesi. Boksi la plastiki lenye kuta laini, lita 30 zinatosha kabisa kwa mende mia moja hivi. Toboa matundu na uyazibe kwa wavu wa chuma, wa nailoni hutafunwa. Trei za mayai za karatasi zisimamishe wima, ili kinyesi kianguke chini badala ya kurundikana walipolala. Usiweke udongo. Ukizalisha, weka mkeka wa umeme wa kupasha joto ubavuni mwa boksi ukiwa na kidhibiti joto, upande mmoja ufike nyuzi 30 na mwingine ubaki wa chini, wachague wenyewe. Dume mmoja kwa majike watatu hadi watano. Madume yakizidi yanasumbuana na kutafunana mabawa. Usipozalisha, joto la sebule linatosha.

Chakula ndicho kinachokwenda tumboni mwa buibui wako, kwa hiyo usiwape mende takataka. Mimi huwapa pumba za ngano na shayiri iliyosagwa kama chakula kikavu, pamoja na karoti, boga, sukuma wiki na vipande vya chungwa, vyote vikiwa vimeoshwa vizuri. Maji hawahitaji kwenye kibakuli, watoto huzama. Karoti na chungwa vinatosha, au jeli ya maji. Kuna wanaowapa chakula cha paka kila siku ili wakue haraka. Nakishauri kwa uchache sana. Mende huhifadhi nitrojeni iliyozidi mwilini mwake kama asidi ya yuriki ndani ya mafuta, na bakteria wanaoishi humo, Blattabacterium, humsaidia kuitumia tena siku za uhaba. Protini ikizidi kila siku, akiba hiyo inazidi kulimbikizwa, na mzigo huo anaubeba hadi kwenye meno ya buibui.

Ondoa matunda kabla ya kuoza. Ukiona vidoa vyeupe vinavyotembea kwenye chakula, ni utitiri wa nafaka, na umeletwa na unyevu: toa chakula chote, badili trei, kausha boksi, rudisha chakula kidogo kidogo.

Usafi una sababu nyingine, nayo ni mapafu yako. Vumbi la kinyesi na magamba ya mende huchochea mzio na pumu, na mzio huu huweza kumpata mtu baada ya miaka ya kufuga bila tatizo. Mimi hufungua boksi dirishani, navaa barakoa na glavu ninapobadili trei, na boksi halikai chumba cha kulala. Kama mwanao ana pumu, usilete mende ndani. Buibui wanaweza kulishwa nyenje, nao wapo madukani.

Mende wakizidi, wagawie wafugaji wenzako au wauze. Wasiotakiwa na mtu waweke kwenye friza kwa siku mbili, ndiyo njia ya upole iliyopo nyumbani. Usiwaachie nje hata kama unadhani baridi itawaua, na usiwatupe kwenye pipa wakiwa hai. Kinyesi chao ni mbolea nzuri ya mboga na maua, ila nacho kipitishe frizani kwanza siku hizo mbili, kwa sababu mtoto wa dubia aliyezaliwa leo ana milimita chache tu na ndani ya kinyesi hutamwona.