Subjonktifu ya Kifaransa baada ya "que" (kwamba): lini itumike?
Ndugu, umeuliza kwa nini mwalimu wa Kifaransa alikukata "j'espère que tu viennes" (natumaini utakuja) wakati "je veux que tu viennes" (nataka uje) aliipitisha. Kiswahili kinakusaidia nusu ya njia: husemi "nataka unakuja", unasema "nataka uje". Kifaransa nacho hubadili kitenzi, na umbo hilo ndilo subjonktifu, baada ya kutaka, kulazimika (il faut que), kuogopa, hata kufurahi. Espérer (kutumaini) ndiyo mkaidi, haiitaki subjonktifu: sema "j'espère que tu viendras". Penser (kufikiri) vilevile, ila ukiikanusha mambo hugeuka: "je ne pense pas qu'il vienne" (sidhani kama atakuja). Avant que (kabla) na bien que (ingawa) zinaitaka subjonktifu. Après que (baada ya) haiitaki, ingawa Wafaransa wengi huiweka wakizungumza. Kwenye mtihani usiwaige.