Kwa kijana wa Tanga anayealikwa kwenye milima ya theluji

Kwa mtu wa Tanga, baridi ni Lushoto mwezi wa Julai. Ndiyo maana vijana wetu walioko masomoni Norwei au Kanada, wakialikwa kupanda milima isiyo na njia, huulizia koti kwanza. Koti ni lazima, ila hatari kubwa ni poromoko la theluji linalofukia watu, na hapo kuna swali linalolitangulia koti: mteremko una mwinamo wa nyuzi ngapi, na theluji imelalia nini?

Wengi hudhani baridi ikizidi, theluji hushikamana. Mara nyingi ni kinyume chake. Ardhi iliyofunikwa hubaki karibu na nyuzi sifuri hata juu kukiwa na nyuzi 20 chini ya sifuri. Tofauti hiyo hupandisha mvuke, na chembe za theluji hugeuka punje kubwa zisizoshikana, kama sukari. Punje hizo huanza kuota tofauti ikizidi nyuzi 1 kwa kila sentimita 10 za unene. Piga hesabu: kwa kila sentimita 10, theluji ya unene wa sentimita 60 ina tofauti ya nyuzi zaidi ya 3, ya mita 2 ina nyuzi 1 tu. Basi iogope zaidi ile nyembamba. Theluji mpya, au iliyorundikwa na upepo, ikilalia sukari hiyo, uzito wa mtu mmoja unatosha kukata bamba zima, yaani tabaka la juu lililoshikana, likaporomoka. Baridi isipolegea, tabaka hilo bovu hudumu wiki nyingi.

Mabamba hukatika hasa kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45. Simu nyingi zina kipimo cha mwinamo. Pima, na utazame pia mteremko ulio juu yako. Ukisikia theluji ikididimia kwa mlio mzito, au ukiona ufa ukikimbia mbele ya miguu, rudi. Kabla ya kutoka soma taarifa ya siku ya hatari ya maporomoko: Norwei hutolewa na Varsom, Kanada na Avalanche Canada. Ngazi za hatari ni 5, na ya 3 huua wengi kwa sababu inaonekana ya wastani.

Kila mtu avae kifaa cha mawimbi ya redio cha kilohezi 457, kinachotuma na kunasa ishara ya aliyefukiwa, abebe ufito wa kukunja usiopungua mita 2.4 wa kumchokolea chini ya theluji, na sepetu la alumini la kumfukulia. Kikikosekana kimoja, viwili havisaidii. Simu ikae sentimita 20 mbali na kifaa hicho, na 50 wakati wa kutafuta. Aliyefukiwa ana dakika 10 hadi 15. Kusubiri helikopta ni kusubiri maiti.

Upepo wa kilomita 30 kwa saa hufanya nyuzi 20 chini ya sifuri ziume kama 33. Jinzi na fulana za pamba ziache bwenini, vaa sufu. Soksi mbili zinazobana huzuia damu. Tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zimeonyesha askari wenye asili ya Afrika huumizwa na baridi zaidi ya wenzao, na kwenye ngozi nyeusi weupe wa jeraha hauonekani vizuri. Kwa hiyo gusa: ganzi, ugumu, rangi ya majivu. Usisugue. Tumbukiza sehemu iliyoganda kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, lakini pale tu ambapo hakuna hatari ya kuganda tena, maana kuyeyuka na kuganda upya ndiko kunakokata vidole.